Nilikwenda Kutembea Tu

Mama Gaudensia alikuwa ndani ya jeneza, chini ya turubai la bluu lililofungwa kati ya nyumba na mparachichi, na mimi nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, kikombe cha chai mkononi, nilipomsikia Mzee Leonsi akinisingizia ucha Mungu mbele ya watu wote wa Malangali, mtaa wetu hapa Sumbawanga. Alikuwa amepewa kipaza sauti atoe salamu za mtaa. Siku hizi ni mzee wa kushikwa mkono akipanda ngazi, lakini sauti yake ya ubalozi wa nyumba kumi haijachakaa hata kidogo. "Marehemu alikuwa mtu wa kupendwa," alisema. "Mnamwona yule mama pale, mwenye kitenge cha kijani? Resti. Alikuwa mpangaji wake, wakati huo binti mdogo tu. Mwaka ule mguu wa marehemu ulipovimba akawa hawezi kusimama, binti huyu aliweka nadhiri. Alishuka kwa miguu, peke yake, mpaka Milepa kule bondeni, akilala porini, akimwombea mama huyu. Na mguu ukapona. Vijana wa leo, ninyi mna nadhiri gani?" Watu wakageuka kunitazama. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu, ambaye simjui, akanipapasa goti kwa heshima. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi nikijua kwamba mwaka ule nilishinda, na sasa naambiwa kwa kipaza sauti kwamba nilisamehewa kwa jambo ambalo sikulifanya. Nitasema nilichofanya pale mkekani. Ila kwanza ngoja niueleze mwaka wenyewe, maana nisipoueleza mimi utabaki mikononi mwa Mzee Leonsi.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua jinsi neno hilo lilivyokuwa tamu mdomoni. Kabla yake tulipanga foleni ya sukari na sabuni, na mtu akionekana na kipande cha khanga kipya aliulizwa amekipata wapi. Halafu ghafla ikawa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua baa uani kwako, ruksa kuleta nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wa ng'ambo na kuzimwaga juu ya meza sokoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilisimama nyuma ya meza moja ya namna hiyo, meza ya Mama Gaudensia, nikipiga kelele kutwa nzima kuita wateja. Yeye alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho madogo ya kucheka, na mwaka ule mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi viatu vya mtumba vyote vikamkataa. Alibaki nyumbani, mguu juu ya kigoda, akiendesha biashara kwa kunituma mimi. Chumba alichonipa kilikuwa nusu changu na nusu cha marobota. Nililala juu ya marobota mawili yaliyosukumwa pamoja, na juu yake godoro, na nguo zangu, nywele zangu na hata shuka langu vilinuka ile harufu ya mitumba, harufu ya dawa na ya makabati ya watu usiowajua. Kila robota lilipofunguliwa na kuuzwa, kitanda changu kilishuka. Lilipokuja jipya, nilipanda tena karibu na bati.

Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi, na juu yake maneno yalipita chumba hadi chumba kama moshi wa jikoni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila kitu nilichojifunza mwaka ule. Jioni, tukishakula ugali mweusi wa ulezi na maharage, au dagaa wa Wampembe ambao hata uwaoshe vipi walibaki na mchanga kidogo wa kukumbusha walikotoka, Oliva alikuja. Oliva alikuwa mdogo wake Mama Gaudensia, mwembamba na mwenye ulimi, na alikuja kumkanda dada yake mguu kwa maji ya chumvi. Mimi nilikuwa nimelala juu ya marobota upande wa pili wa ukuta. "Mtoto huyu anatazama sana nje," alisema Oliva jioni moja. "Atazame," alisema Mama Gaudensia, "macho hayalipiwi kodi." "Si kutazama tu. Jana nimemkuta barabarani, amesimama, ameangalia upande wa ziwa Rukwa, mikono mitupu. Nikamwuliza unafuata nini, akasema hakuna." Nikasikia maji yakimwagika ndani ya beseni. "Hilo la hakuna," alisema Mama Gaudensia, "amwambie mtu mwingine. Asimwambie Leonsi."

Lazima nieleze hapo. Kwetu Ufipa, mtu ukikutana naye njiani mnasalimiana, unapiga makofi taratibu kama ni mkubwa wako unayemheshimu, halafu anauliza: unafuata nini? Hakosi adabu. Ni swali la kawaida, na jibu nalo ni la kawaida: nafuata kuni, nafuata mgonjwa, nafuata mbegu kwa shemeji. Mtu anayefuata kitu anaeleweka. Asiyefuata kitu, akaenda porini peke yake, hasa akiwa mwanamke, huyo watu wanamwazia jambo moja tu, na mji wetu umejulikana kwa jambo hilo nchi nzima. Wageni wanatutania kwa radi na uchawi mpaka leo. Sisi wenyewe hatutaniani nalo.

Mwaka huo huo, kiangazi, alipita mwanamke mmoja wa Kizungu akiwa peke yake na baiskeli. Jioni alisimamisha hema dogo kwenye uwanja ulio karibu na kanisa, na Malangali nzima tukaenda kumtazama akichemsha maji. Balozi Leonsi, ambaye wakati huo alikuwa mwanaume wa makamo mwenye koti na kalamu mfukoni, alimsogelea akamwuliza kwa Kiswahili cha taratibu anafuata nini. Mwanamke yule alicheka, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Natembea tu." Balozi akatugeukia, akatutangazia kama vile hatukusikia: "Anatembea tu." Na watu wakaridhika! Wakatikisa vichwa, wakaenda nyumbani kupika. Nilibaki nimesimama pale mpaka giza lilipoanza kuingia, nikiwa na wivu wa wazi kabisa, wivu wa kuuma. Baiskeli sikuitaka, na hema wakati huo bado sikuwa nimelitamani. Nilionea wivu lile neno dogo la mwisho, jinsi alivyolisema na likamtosha.

Hema lilikuja lenyewe. Tulifungua robota la makoti ya watoto, na katikati yake likatoka furushi la kijani lililoviringishwa. Wateja walilifunua. Mmoja alisema ni koti la mvua la mtu mnene sana, mwingine akasema ni mfuko wa kubebea maiti, wote wakaliachia kwa pamoja. Mama Gaudensia alipoletewa alitaka alikate ashone vifuniko vya meza. Nikalikumbatia nikasema hapana. Fito zake hazikuwamo, kwa hiyo nilikata mbili za mkaratusi, nikazichonga, nikalisimamisha uani. Kuku waliingia wa kwanza. Nilipoingia mimi nikafunga zipu, nikakaa humo ndani katika mwanga wa kijani, nikawasikia wapangaji wakiulizana nje kuna nini, nilijua tayari ninakwenda wapi. Ningekwenda Milepa. Watu wa bondeni walioleta mchele sokoni walikuwa wakisimulia kwamba lori huzunguka mbali, lakini ipo njia ya miguu inayoteremka katikati ya makorongo, ambamo kiangazi mto wote unakuwa mchanga na mawe yamesimama pande mbili juu kuliko kanisa. Sikuwa na ndugu Milepa. Sikuwa na bidhaa ya kupeleka. Nilitaka kupita humo.

Nilimwambia Mama Gaudensia jikoni, akiwa anachambua maharage kwenye ungo mapajani. "Unafuata nini Milepa?" "Sifuati kitu, mama. Natembea." "Nani anaumwa huko?" "Hakuna." "Ni mwanaume?" "Mama, hakuna." Aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe, akatupa kingine. "Basi fanya hivi," alisema. "Chukua mashati kidogo, yafunge kwenye khanga. Watu wakikuuliza, unapeleka nguo kuuza. Ukirudi nayo, hayakununuliwa. Nani atakushika?" Nilimwambia sitabeba mashati. "Ni mepesi," alisema. "Si uzito, mama. Yule Mzungu hakubeba mashati." Hapo alinitazama, na yale macho yake madogo hayakucheka. "Resti, mwanamke anayelala porini bila sababu, hapa kwetu ana jina lake." "Nalijua jina lenyewe." "Basi usiniletee nyumbani kwangu." Alikasirika, hakusema nami siku nzima. Asubuhi ya kuondoka nilikuta mlangoni mwa chumba changu unga wa ulezi, maharage ya kuchemsha, karanga, chumvi imefungwa kwenye karatasi, na kibiriti. Mashati hayakuwamo.

Mwezi ule, kabla ya mvua, uwanda wa Ufipa umeungua na kupauka, vilima viko uchi, na upepo hauna wa kuuzuia. Nilitembea na hema mgongoni, fito mbili zimechomoza juu ya kichwa changu, na kila shamba nililopita wanawake waliokuwa wakikusanya nyasi za kufukia kwenye matuta walinyoosha migongo. Unafuata nini, mwanangu? Natembea, mama, shikamoo. Walicheka, wakaitana. Mmoja aliuliza kama nimefiwa. Mwingine alinipa kiazi, kwa kuwa aliyekosa jibu huenda amekosa na chakula. Kufikia jioni nilikuwa nimelisema neno lile mara nyingi hata likaanza kuzoea mdomo wangu. Nikafika mahali penye ilungu, tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, limesimama peke yake nyikani kama kichuguu kirefu kupita mtu, na vijilango chini pande zote. Babu zetu waliyeyusha chuma humo, na siku za kazi mwanamke hakusogea, wala wao hawakurudi kwa wake zao mpaka chuma kitoke. Kazi hiyo ilikwisha kabla sijazaliwa. Upepo ulikuwa mkali, na ilungu lilikuwa kizuizi pekee. Nikasimamisha hema nyuma yake.

Jua likizama alikuja mzee mmoja na mbuzi wake, akirudi nyumbani. Nilipiga goti, nikampigia makofi, nikamwamkia. Aliitikia vizuri. Kisha akalitazama hema, akalitazama ilungu. "Hapa mwanamke halali," alisema. "Kwani bado wanayeyusha chuma, mzee?" "Hawayeyushi. Lakini halali." Alikaa juu ya jiwe, bila haraka, mtu aliyetaka kweli kunielewa. "Wewe ni mganga? Unachimba dawa?" "Hapana, mzee." "Umetumwa?" "Sikutumwa." "Umefukuzwa na mume?" "Sina mume." Akafikiri. "Basi unafuata nini?" Nikamwambia. Mzee yule aliinuka taratibu, akajipangusa matako. "Ungesema unachimba dawa," alisema, "ningejua nimekutana na mtu wa namna gani. Sasa unanitisha." Akawaswaga mbuzi wake, wakaondoka mbio, na hakuniaga. Usiku nililala. Nasisitiza, kwa sababu kila niliyemsimulia baadaye alitaka kusikia kwamba sikulala. Nililala fofofo.

Kesho yake nchi iliisha. Sijui kusema vingine. Unakwenda kwenye uwanda, majani chini ya miguu, halafu mbele ya vidole vyako hakuna kitu, na chini kabisa, katika ukungu wa joto, bonde zima na mstari mweupe wa ziwa Rukwa. Njia ilijipenyeza kati ya miti iliyokuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, ikashuka, ikashuka, magoti yangu yakatetemeka, mpaka nikaingia kwenye korongo lenyewe. Waliosimulia hawakuongeza chumvi. Mawe yalisimama pande mbili, mekundu na meusi, na mbingu ilibaki ukanda tu. Chini ulikuwa mchanga mweupe, mto bila maji. Nyani walibweka juu na kunitupia macho. Niliona nyayo za chui mchangani, zimepita pale pale nilipopita, nikaogopa, nikaendelea. Nilifukua mchanga kwa mikono mpaka maji yakaja, ya baridi, yenye ladha ya mawe. Saa za jioni, kukiwa bado na mwanga, niliwasha moto nikasonga ugali. Ukiwa tayari nikanawa, na mkono wangu ukasimama hewani. Ulikuwa unangoja mikono mingine. Tangu kuzaliwa sikuwahi kula ugali ambao hakuna mtu aliyenawa pamoja nami. Nyumbani, shuleni, kwa Mama Gaudensia, siku zote kulikuwa na sinia na vidole vya watu na mtu wa kuambiwa kula. Nikaukata wote, nikaula wote, nikalamba vidole, na nilifurahi. Nimewahi kufurahi mara nyingine maishani, lakini kila mara alikuwapo mtu wa kumshukuru. Siku ile hakuwapo, na furaha yote ilikuwa yangu.

Bondeni kulikuwa joto la kuziba pumzi. Kabla ya kufika Milepa nilikutana na kaya ya Wasukuma, watu waliohama na ng'ombe kutoka kwao kaskazini, wakajenga kwa miti na nyasi kando ya mbuga. Mama wa kaya, mrefu, mwenye bangili hadi karibu na kiwiko, alinisalimia kwa Kisukuma, "mwadila", nami sikujua cha kuitikia, akacheka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" La pili halikuwapo. Alinipa maziwa ya mgando na ugali wa mtama, akanionyesha pa kusimamisha hema karibu na zizi, kisha akalizunguka akiligonga kwa kidole. "Nyumba ndogo," alisema, "lakini inamtosha mtu asiye na ng'ombe." Nilimwambia bila kuulizwa, maana mdomo ulishazoea: "Mimi natembea tu, mama." Akanitazama kana kwamba nimemwambia kuwa jua ni la moto. "Sisi tumetembea kutoka Shinyanga," alisema. "Lala."

Milepa niliona mashamba, watu, na lori likipakia mchele. Utingo alikuwa juu ya magunia, kofia imegeuzwa nyuma. "Mambo, dada! Hayo mapembe kichwani ni ya nini? Panda, mshikaji, usiku uko Sumbawanga." Nikamwambia poa, nashukuru, napanda kwa miguu. Dereva alichomoa kichwa dirishani. "Unapanda nini kwa miguu?" "Mlima." "Unafuata nini huko?" Walikuwa vijana wawili wema, na nilipowajibu niliona wema wao ukipoa kama chai. Lori likaondoka, na habari zangu zikapanda pamoja na magunia zikafika mjini mbele yangu.

Kupanda kulikuwa adhabu. Miiba ililichana hema, kisigino kilichubuka, na karanga ndizo zilizonifikisha juu. Nilipoingia Malangali watoto waliokuwa wakicheza kombolela walikimbilia ndani, na mama mmoja niliyemwamkia alijifanya anafukuza kuku ambao hawakuwapo. Oliva ndiye aliyenieleza, akinisukuma chumbani. Watu wa lori walisema wamemwona msichana anayelala ndani ya mfuko. Na mzee wa mbuzi alikuja sokoni akasema amenikuta kwenye ilungu, na kesho yake mbuzi wake mmoja, jike mwenye mimba, akafa. Watu walikuwa wameunganisha hadithi mbili kwa haraka sana. Wakati huo, ndani ya hadithi, nilikuwa tayari nimeingia ndani ya tanuru lenyewe, na sikuwa nimevaa nguo.

Walikaa kunisikiliza sebuleni kwa Mama Gaudensia, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Balozi Leonsi alikaa katikati. Mzee wa mbuzi alikaa pembeni na kofia mapajani, akiwa na aibu kuliko mimi. Majirani walijaa hadi mlangoni. Mama Gaudensia alikuwa na mguu wake juu ya kigoda, na hakusema neno ila kuagiza chai. "Hatukuiti kwa ugomvi," alisema Balozi. "Tunataka neno moja. Ulifuata nini?" "Nilikwenda kutembea, balozi." "Kila mtu anatembea. Ulifuata nini?" "Hicho hicho." Oliva, nyuma yangu, alinifinya. Balozi akavuta pumzi. "Binti, tusaidie. Kama ulikwenda kwa mwanaume, sema, ni ujana, tutamaliza. Kama ulitafuta dawa ya mguu wa mama hapa, sema." Walikuwa wananifungulia milango yote. Ningepita mmoja tu, ningekuwa nyumbani. Nikasema: "Yule Mzungu mwenye baiskeli ulimwuliza wewe mwenyewe. Akakwambia anatembea tu, ukatutangazia, tukaenda kulala." "Yule ni Mzungu." "Na mimi ni nani?" Nikaendelea: "Kila kitu sasa ni ruksa. Nguo za marehemu wa Ulaya ni ruksa. Pombe uani ni ruksa. Mimi kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine ndiyo niombe kibali?" Mtu mlangoni alicheka, akanyamazishwa. Balozi alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema kwamba nikifika Jumapili bila neno la kueleweka, nitafute mtaa mwingine, na kwamba anayenipangisha ajue anampangisha nani. Sikutoa neno jingine, na nilipokwenda kulala juu ya marobota nilisikiliza ukutani, nikasikia kimya tu.

Jumapili ilikuja na hakuna aliyenifukuza. Jumatatu Balozi alipita mezani kwangu sokoni, akaniamkia yeye kwanza, akanunua shati. Mzee wa mbuzi alipopita alivua kofia. Kina mama walianza kuniambia, "Resti, utukumbuke na sisi," nami nikadhani wananikumbusha niwawekee nguo nzuri robota likifunguliwa. Niliamini nimewashinda kwa kusimama palepale niliposimama. Na kwa imani hiyo nimejenga maisha yangu yote. Nilimkataa mwanaume aliyetaka kunioa, nikafungua meza yangu mwenyewe, nimetembea hadi Wampembe nikalala kando ya ziwa Tanganyika, nimezunguka makorongo yote ya nchi hii ambayo magoti yangu yaliyaweza, na kila nilipoulizwa nimejibu neno lile lile. Hilo ndilo Mzee Leonsi alilonipokonya kwa kipaza sauti.

Kwa hiyo nilisimama. Niliweka kikombe chini, nikasimama mbele ya jeneza na turubai na watu wote. "Mzee Leonsi, shikamoo. Mimi sikuweka nadhiri. Sikumwombea mtu. Mguu wa mama ulipona kwa sindano za hospitali, na niliyemsukuma kwenye baiskeli kumpeleka ni mimi." Watu wakaguna. Mwanamke wa kushoto aliondoa mkono wake. Mzee Leonsi alishikilia kipaza sauti kwa mikono miwili, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa mchana. "Lakini aliniambia mwenyewe," alisema. "Siku ile ile tuliyokaa. Alikuja kwangu jioni, peke yake, na fimbo, akiuburuta ule mguu. Akasema: Leonsi, mtoto ameweka nadhiri kwa ajili yangu na ameapa asiiseme, usimlazimishe kuvunja kiapo."

Nyumba ya Leonsi iko juu, kule kwenye mteremko, na kuifikia kuna mawe. Mama Gaudensia wakati ule alikuwa hafiki hata chooni bila bega langu. Nilitazama jeneza, na hasira na upendo vilinijaa kwa pamoja hata sikujua kipi ni kipi. Alikuwa amepanda kule peke yake, mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani lazima alimwuliza anafuata nini, na jibu lake sijui lilikuwa lipi. "Kwa hiyo ulikwenda kufanya nini?" Mzee Leonsi aliuliza, na kipaza sauti kilipeleka swali hilo hadi barabarani. "Kutembea tu," nilisema.

Hapo Oliva akacheka. Alikuwa amekaa karibu na kichwa cha dada yake, ana mvi kichwa kizima, macho yamevimba kwa kilio, na alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. "Alisema!" aliwaambia watu. "Mwezi uliopita, kitandani, aliniambia: Siku yangu ikifika Leonsi atalitoa lile la nadhiri, na Resti atasimama ambishie hata mimi nikiwa nimelala pale mbele. Msimkalishe. Mimi nilisema yangu, mwacheni naye aseme yake." Nikakaa mwenyewe mkekani bila kukalishwa na mtu, nikalia kwa sauti, bila kumwonea haya mtu yeyote.

Ibada ilipokwisha jeneza liliwekwa kwenye gari, na watu wakagombania nafasi katika magari mengine, maana makaburi ni mbali na jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeshafunga khanga kiunoni na nimeanza kwenda. Gari alilopanda Mzee Leonsi lilinikuta barabarani, likapunguza mwendo, akashusha kioo. "Resti, panda. Ni mbali." "Natembea, balozi." Alinitazama kwa muda, mdomo wake ukafunguka kidogo, nikaliona lile swali likija. Kisha akaufunga, akapandisha kioo, akamwambia dereva aende.